Jioni za Uholanzi kwa wasiokunywa: jibu kwa injinia anayekwenda Delft

Msomaji wetu, injinia wa maji kutoka Tanga, anakwenda Delft mwezi wa Novemba kwa kozi fupi katika taasisi ya IHE, na mkewe atamfuata wiki ya mwisho. Ni Waislamu, hawanywi pombe. Kila waliyemuuliza kuhusu usiku wa Uholanzi amewatajia bangi na madirisha ya taa nyekundu ya Amsterdam. Anauliza kama kuna chochote cha kuwafaa jioni, na watarudije Delft usiku. Mkewe ameongeza swali lake: avae nini?

Injinia, salamu zikufikie wewe na shemeji. Kipo cha kuwafaa, tena kwa wiki moja hamtakimaliza. Ila kabla sijawatajia ukumbi wowote, kuna jambo moja lazima mlijue: usiku wa Uholanzi huanza mapema na huenda kwa saa. Waholanzi wengi hula chakula cha jioni saa kumi na mbili. Maonyesho ya dansi, muziki na michezo ya kuigiza huanza saa mbili au saa mbili na robo, na milango ikishafungwa imefungwa. Majiko ya migahawa mingi huzimwa kati ya saa tatu na nusu na saa nne. Kuanzia hapo mwenye tiketi yuko ndani ya ukumbi, mwenye nyumba yuko kwake, na klabu za kucheza muziki hazichangamki mpaka saa sita ipite.

Sasa mtazame mgeni wa kawaida kutoka kwetu. Anarudi hotelini, anaoga, anajinyoosha kidogo, anatoka saa nne usiku akidhani ndio kwanza mji unaamka, kama alivyozoea Kinondoni. Anachokikuta wazi ni baa, maduka ya bangi na yale madirisha. Akirudi nyumbani anasimulia alichokiona. Ndiyo maana kila mliyemuuliza amewapa jibu lilelile: hawakuwadanganya, walitoka saa isiyofaa bila tiketi mkononi. Nimekuwa nikiwatembeza wageni wetu katika miji hii kwa miaka mingi, na naumia kila ninapoona mtu amekaa Uholanzi wiki nzima bila kusikia hata wimbo mmoja ukipigwa mbele yake.

Nyinyi mwezi wenyewe unawapendelea. Novemba jua linazama karibu na saa kumi na moja jioni, kwa hiyo Magharibi na Isha mnazimaliza, mnakula, na bado mnafika ukumbini kwa nafasi. Mngekwenda Juni, jua lingezama karibu saa nne usiku na kila kitu kingegongana.

Siku za kozi usikimbilie mbali. Delft ni mji mdogo wenye chuo kikuu kikubwa cha ufundi, na jioni zake za katikati ya wiki zinatosha. Uwanja wa Beestenmarkt, hatua chache kutoka kanisa la Nieuwe Kerk, umezungukwa na mikahawa. Agiza chai ya mnanaa: unaletewa glasi ya maji ya moto iliyosheheni majani mabichi, na asali pembeni. Iko karibu kila mkahawa wa nchi hii, na hakuna atakayekuuliza kwa nini huagizi bia. Kisha kuna Filmhuis Lumen, sinema ndogo ya mjini hapo hapo. Uholanzi filamu za kigeni haziwekewi sauti ya Kiholanzi, isipokuwa za watoto. Huandikwa tafsiri chini ya picha. Chagua filamu ya Kiingereza na utaifuata yote. Ukichagua ya Kikorea au ya Kifaransa, maandishi yatakuwa ya Kiholanzi na utabaki kutazama sura za watu.

Ijumaa jioni wenzako wa kozi watakualika kwenye kitu kiitwacho borrel. Ni kukaa pamoja baada ya kazi, kunywa na kutafuna vitu vidogo, kuanzia kama saa kumi na moja. Najua wengi wetu hukwepa kwa sababu ya pombe. Nakusihi uende, ukae saa moja na juisi yako. Mwalimu ambaye darasani hakuwa na nafasi ya kukusikiliza, pale atakaa nawe na kukuuliza habari za mito na visima vya kwenu, na mengi ya maana kwa kazi yako yataanzia hapo. Zile duara za kukaangwa zinazopitishwa kwenye sahani, bitterballen, ndani yake mna rojo zito la nyama, kwa kawaida ya ng'ombe, lakini si halali mpaka wenye mkahawa waseme hivyo. Zipishe.

Shemeji akishafika, mimi ningewapeleka Rotterdam kabla ya Amsterdam. Ni kama robo saa tu kwa treni kutoka Delft. Katikati ya mji huo uliteketezwa kwa mabomu ya ndege za Ujerumani tarehe 14 Mei 1940, kwa hiyo hamtakuta vichochoro vya kale wala mifereji ya kwenye postikadi. Mtakuta mji uliojijenga upya ukiutazama mto, na usiku wake uko majini. Fikeni jioni mapema, mtembee mtaa wa Witte de Withstraat uliojaa migahawa na kumbi za sanaa, kisha mshuke bandari ya Leuvehaven mpande teksi ya maji. Ni boti ndogo za njano na nyeusi zinazokwenda kwa kasi. Unaagiza kama unavyoagiza teksi ya barabarani. Iambieni iwapeleke Hotel New York. Mtapita karibu na daraja la Erasmus likiwa limewashwa taa, mnara wake mweupe umeinama juu ya mto, na wewe mtu wa maji najua utatamani kujua kina cha pale na nguvu ya mkondo. Ni dakika chache na euro chache, na sijaona mgeni aliyeshuka bila kutabasamu.

Jengo la hoteli hiyo lilikuwa makao makuu ya kampuni ya meli ya Holland America Line. Hapo ndipo maelfu ya watu walipoiaga Ulaya kwenda Marekani. Hatua chache kutoka hapo kuna LantarenVenster, nyumba yenye sinema na jukwaa la jazi chini ya paa moja. Tazameni ratiba yake kabla. Na ng'ambo ya daraja dogo la waenda kwa miguu ni Katendrecht, mtaa uliokuwa wa mabaharia na madanguro, ambao leo ni wa migahawa na familia. Jumba la makumbusho la uhamiaji, Fenix, lilifunguliwa huko mwaka 2025 ndani ya ghala kuu la zamani la bandari. Hilo ni la mchana, lakini mkifika mapema msilipite.

Rotterdam ina jambo jingine ambalo wageni wengi hawaambiwi. Mabaharia wa Cape Verde walihamia humo kwa wingi, na mwaka 1965 mmoja wao, Djunga de Biluca, alianzisha Morabeza Records, kampuni iliyorekodi muziki wa visiwa vyao wakati kwao bado ni koloni la Ureno. Urithi huo haujafa. Mkiona kwenye ratiba ya BIRD, klabu ya jazi iliyo chini ya matao ya reli ya zamani, au ya ukumbi wa De Doelen, jina la mwanamuziki wa Cape Verde, Suriname au Afrika Magharibi, nunueni tiketi siku hiyo hiyo. Mtu aliyekulia Tanga, mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, anajua kusikiliza gitaa linapojibizana na sauti, na Wakaboverde wanalipiga gitaa kwa namna itakayokugusa.

Njaa ikiwashika baada ya onyesho, kuna kapsalon. Ndiyo chipsi mayai yao: chipsi chini, nyama ya shawarma juu yake, jibini iliyoyeyushwa, kachumbari, mchuzi wa kitunguu saumu na pilipili. Ilizaliwa Rotterdam mwaka 2003, kinyozi mwenye asili ya Cape Verde alipomwomba muuza shawarma jirani yake amchanganyie vyote anavyovipenda katika chombo kimoja. Maduka mengi ya shawarma ni ya Waturuki na Wamoroko na yanauza halali. Hata hivyo ulizeni. Mgao mmoja unawatosha wawili.

The Hague nitaisema kwa ufupi, si kwa sababu haifai bali kwa sababu ina vitu viwili ninavyovipenda kuliko vingine na hivyo vinatosha usiku mmoja. Cha kwanza ni roti. Mji huu una jamii kubwa ya Wasuriname wenye asili ya India, waliokuja hasa miaka ya kuzunguka uhuru wa Suriname wa 1975. Katika migahawa yao midogo mtapata chapati laini iliyotiwa unga wa dengu ndani, kuku wa bizari, viazi, maharage marefu na yai. Kuleni hapo mapema, saa kumi na mbili. Cha pili ni Nederlands Dans Theater, kundi la dansi lililoanzishwa 1959 na linalotambulika dunia nzima. Makao yake ni Amare, jengo kubwa lililofunguliwa 2021 karibu na kituo kikuu cha treni. Hakuna maneno ya kufuata. Ni miili tu, mwanga na muziki. Niseme wazi ili shemeji asishtuke: mavazi ya wachezaji hubana na wakati mwingine ni machache. Kama hilo halitawapa raha, jengo hilo hilo lina okestra ya mji. Ufukwe wa Scheveningen nao mnaweza kuufikia kwa tramu, ila Novemba upepo wake wa usiku hauna huruma, uwekeni mchana.

Sasa Amsterdam. Ni saa moja hivi kwa treni, kwa hiyo chagueni siku moja au mbili na mziandae vizuri.

Kama tarehe zenu zinakutana na Jumamosi ya kwanza ya Novemba, acheni mengine yote mtafute tiketi ya Museumnacht. Usiku huo makumbusho mengi ya mji hubaki wazi mpaka saa nane usiku, kwa tiketi moja, huku ndani kukiwa na muziki, mihadhara na michezo. Tiketi huisha mapema. Katikati ya Novemba huanza IDFA, tamasha la filamu za hali halisi lililoanza 1988, na hilo ndilo ninalowasukumia wageni wetu zaidi. Wenye filamu mara nyingi husimama baada ya onyesho na kujibu maswali, kwa Kiingereza. Afrika Mashariki nayo imo: mwaka 2019 ilionyeshwa hapo filamu kutoka pwani ya Kenya, ya bibi kizee aliyeshukiwa uchawi na ndugu zake mwenyewe. Fikirieni kukaa Amsterdam mkisikia lugha ya nyumbani kwenye pazia la sinema, na Waholanzi ndio wanaosoma tafsiri.

Hata pasipo tamasha, nendeni sinema ya Tuschinski mtazame filamu yoyote. Jengo ndilo onyesho. Abraham Tuschinski alikuwa fundi cherehani Myahudi kutoka Poland, aliyefika Rotterdam mwanzoni mwa karne iliyopita akiwa njiani kwenda Marekani, akabaki. Akafungua sinema Rotterdam, kisha mwaka 1921 akajenga hii ya Amsterdam, yenye mazulia, taa na michoro mpaka darini, kwa sababu alitaka mtu wa kawaida aingie humo ajione mfalme. Sinema zake za Rotterdam ziliungua katika mabomu yale niliyoyataja. Yeye aliuawa Auschwitz mwaka 1942. Hii ya Amsterdam imesimama, na kila jioni watu wanaketi katika raha aliyowatengenezea. Chukueni tiketi ya ukumbi mkubwa, siyo ya kumbi ndogo za pembeni. Jina la ukumbi huandikwa wakati wa kununua tiketi.

Kwa muziki, kuna Concertgebouw ya mwaka 1888. Kwa injinia ina utamu wa ziada: ilisimamishwa kwenye nguzo za mbao zaidi ya 2,000 zilizopigwa ndani ya ardhi ya tope, ikaanza kuzama, na miaka ya 1980 msingi ukalazimika kufanywa upya huku juu maonyesho yakiendelea. Ombeni viti vya nyuma ya okestra, mnamtazama kiongozi wa muziki usoni. Mara nyingi ni nafuu kuliko vya mbele, na kwa anayekwenda mara ya kwanza ni vitamu zaidi. Bimhuis, nyumba ya jazi tangu 1974, iko kando ya maji nyuma ya kituo kikuu, na nyuma ya wanamuziki kuna dirisha kubwa mnaona treni zikipita. Paradiso, lililokuwa kanisa mpaka likawa ukumbi wa muziki mwaka 1968, na Melkweg, kilichokuwa kiwanda cha maziwa, ni za kusimama, kelele nyingi na bia nyingi. Bendi za Afrika hupita humo mara kwa mara. Kumbukeni kwamba kumbi hizo mbili hudai ada ndogo ya uanachama juu ya bei ya tiketi. Si utapeli, ndio utaratibu wao.

Kama mkoba umekauka, nyuma ya kituo kikuu kuna pantoni za bure za kuvuka maji ya IJ. Ya kwenda Buiksloterweg hufanya kazi usiku kucha na inawashusha karibu na Eye, jumba jeupe la filamu lenye mkahawa unaotazama mji mzima. Hapo chai mbili zinawapa mandhari ambayo wengine wanaitafuta kwa boti za bei kubwa.

Na madirisha? Sitawaambia msipite, maana mtaa wa De Wallen ndio kitovu cha kale cha mji, na katikati yake limesimama kanisa la Oude Kerk, jengo kongwe kuliko yote Amsterdam. Piteni alasiri, mara moja, mkielekea kwingine. Wale ni wanawake walio kazini. Madanguro yameruhusiwa kisheria tangu mwaka 2000. Msiwapige picha kabisa, na msisimame kuwatazama. Mji wenyewe umechoka na watalii wa aina hiyo: ziara za kuongozwa mbele ya madirisha zilipigwa marufuku 2020, kuvuta bangi barabarani katika eneo hilo 2023, na mwaka huo huo ukatangaza kampeni ya kuwaambia vijana wa Uingereza wanaofuata ulevi wasije. Mahali palipoandikwa coffeeshop ni duka la bangi. Kahawa tafuteni kwenye café. Akija mtu barabarani kuwanong'oneza kwamba ana unga, endeleeni na safari bila kumjibu. Mwaka 2014 watalii walikufa baada ya kuuziwa heroini wakidhani ni kokeini.

Klabu za kucheza sizipendekezi kwenu, kwa sababu raha yake huanza saa saba na huendeshwa na vinywaji. Lakini mkialikwa, au vijana wenu wakiwafuata, wajue mambo mawili. Bebeni pasipoti halisi, kwani kuanzia umri wa miaka 14 kila mtu anawajibika kuonyesha kitambulisho akitakiwa. La pili ni chungu: hutokea mabaunsa wakamzuia mtu mweusi mlangoni kwa kisingizio cha viatu au cha kwamba ukumbi umejaa, huku wengine wakiingia. Kifungu cha kwanza kabisa cha katiba ya Uholanzi kinakataza ubaguzi. Msigombane mlangoni, andikeni saa na jina la mahali, kisha mpeleke malalamiko kwenye ofisi ya mkoa ya kupinga ubaguzi, huduma hiyo ni bure. Mwenye tiketi iliyonunuliwa mapema kwa jina lake hupata usumbufu mdogo zaidi, sababu nyingine ya kununua kabla.

Kurudi Delft ndiyo sehemu nyepesi kuliko mnavyodhani. Reli ya Uholanzi ina treni za usiku zinazopita karibu kila saa, usiku kucha, kwenye mstari wa Utrecht, Amsterdam, Schiphol, Leiden, The Hague, Delft na Rotterdam. Mmebahatika, Delft imo. Gusisheni kadi ya benki isiyohitaji kuchomekwa mnapoingia kituoni na tena mnapotoka. Kila mmoja wenu na kadi yake, kwa sababu kadi moja haibebi abiria wawili. Mkisahau kugusisha wakati wa kutoka mtakatwa zaidi ya nauli. Mwishoni mwa wiki mafundi hufunga baadhi ya njia, kwa hiyo tazameni programu za simu za ratiba ya safari, NS ya shirika la reli au 9292, alasiri ile ile, siyo wiki moja kabla. Metro ya Amsterdam hulala karibu saa sita na nusu, hivyo kutoka ukumbini mpaka kituo kikuu hesabuni tramu, basi la usiku au miguu. Namba ya dharura ni 112.

Shemeji, kuhusu mavazi: Waholanzi hawajipambi sana usiku. Hata Concertgebouw utawaona wenye suruali za jinzi karibu na wenye suti, na hakuna anayegeuka kumtazama mwenzake. Baibui, mtandio au gauni la kitenge, vaa unachojisikia nacho vizuri. Weka akili kwenye koti lisilopitisha maji na viatu vya kisigino kifupi, kwa sababu barabara za kale ni za mawe na mtatembea sana. Mwavuli uache nyumbani, upepo wa Novemba utaugeuza. Ukifika ukumbini koti unalikabidhi mapokezi ya makoti, wakati mwingine kwa euro moja au mbili, unapewa kinamba. Kipige picha kwa simu, maana kikipotea watakusubirisha mpaka mtu wa mwisho achukue lake, na treni ya saa ile itakuwa imeondoka.